Naomba ushauri: OSPF inaona faiba na redio ni sawa

Hamjambo mabingwa wa netiweki. Niko Malindi, nahudumia ofisi moja yenye tawi Watamu, na kati yao tuna laini mbili, faiba ya giga 1 na redio ya zamani iliyochomekwa kwa poti ya mega 100. Ruta zote ni Cisco, zinachaguliana njia kwa itifaki ya OSPF, eria 0 (zote kundi moja), ujirani uko FULL kote, yaani zinapeana taarifa za njia bila shida.

Shida ni kwamba nikipiga show ip route naona subneti ya Watamu ina njia mbili na zote ni [110/2], yaani 110 ya OSPF yenyewe na gharama ya njia 2, basi trafiki inagawanyika, simu zingine zinapita faiba zinaenda poa, zingine zinaangukia redio sauti inakatikakatika, na dada wa mapokezi kazi yao yote ni kuongea na wateja, kwa kweli roho inaniuma.

Nilivyoelewa, gharama ni mega 100 gawanya kwa spidi ya poti, kwa hiyo mega 100 inapata 1 na giga 1 nayo inapata 1 maana haishuki chini ya hapo. Sasa nipandishe kile kipimo cha marejeo (hiyo mega 100 inayogawanywa) kifike mega 10000 kwa ruta zote, faiba iwe 10 redio 100, ama niweke tu ip ospf cost kubwa kwa interfesi za redio pande zote mbili? Ya kwanza naiona safi zaidi ila naogopa kugusa ruta zote watu wakiwa kazini. Redio nataka ibaki bekap, faiba ikikatwa ichukue yenyewe.

Aliyewahi kufanya hii kwa mtandao unaotumika, tafadhali nielekeze nianzie ruta gani.