Krismasi na mama: Lamu au Mombasa?

Binti wa Maweni
Hamjambo jamani. Niko Malindi, nimepata likizo ya siku nne, tarehe 23 hadi 26 Desemba, na safari hii nataka kumtoa mama yangu. Ana miaka 71, mtu wa Ganze, na tangu azaliwe hajalala mji asio na jamaa. Mwaka jana nilimpeleka hoteli moja hapa hapa mjini kula chakula cha Krismasi. Pilau ililetwa imepoa, na spika zilikuwa nyuma ya meza yetu. Mama alijiziba masikio kwa leso mpaka tukaondoka. Sijasahau ule uso wake.

Mombasa naijua, Lamu nilienda mara moja tu na shule. Wasiwasi wangu ni magoti yake, tena hawezi kukosa misa ya mkesha. Mlioko huko nielezeni kama mnavyomweleza dada yenu.

Mwana wa Tononoka
Dada, njooni Mombasa. Tuktuk inamshusha mama mlangoni, na kanisa kuu la Roho Mtakatifu liko pale barabara ya Nkrumah. Ila nikwambie ukweli, siku ya Krismasi Lighthouse, pale ufukweni watu wanapopunga upepo, inafurika. Watu wa bara wameshuka na treni, muhogo wa kukaanga ni foleni, pa kukaa hupati. Kama mama hapendi kelele, fikiria tena.

Bibi wa Langoni
Mwanangu, karibu Amu, ndiyo Lamu yetu. Mimi nakodisha vyumba viwili, lakini nitakwambia kweli hata kama hutakuja kwangu.

Magoti kwanza. Huku mitaani hakuingii gari. Ni miguu, punda au mashua. Na nyumba zetu za mawe zina ngazi ndefu, nyembamba, kila kidato kirefu. Mgeni hupewa chumba cha juu apate upepo wa kaskazi. Wewe taka cha chini, karibu na njia ya Usita wa Pwani, na umwombe mwenye nyumba akuhesabie vidato kutoka mlangoni hadi kitandani. Mwaka juzi nilimpokea mzee mmoja nikampandisha ghorofa ya pili. Siku tatu alishuka mara mbili tu. Alikuwa akikaa dirishani akitazama watu wapitao chini, na mimi sikuwa nimemuuliza habari ya miguu yake. Mpaka leo yaniuma.

Halafu gati. Basi hupita Garsen na Witu, linawashusha Mokowe, kisha mnavuka kwa mashua. Maji yakiwa yamejaa, mama atapiga hatua moja yuko ndani. Yakikupwa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, mashua inakuwa chini kabisa na vile vidato vya mwisho vimeota ukijani, vinateleza. Uliza wavuvi wa hapo Malindi maji yatajaa saa ngapi siku hiyo, ndipo ukate tiketi. Vitambulisho viwe mkononi, njiani kuna vizuizi. Na chumba kilipie mapema, mwisho wa Desemba bei hupanda, kijiji cha jirani cha Shela ndiyo zaidi.

Sikukuu yenyewe usiitarajie kama ya kwenu. Mji ni wa Waislamu, tarehe 25 maduka yako wazi na punda wanabeba mchanga kama siku zote. Lakini kanisa Katoliki lipo hapa mjini, na liko chini ya jimbo lenu la Malindi, kwa hiyo saa ya misa waulize hapo parokiani kwako kabla hamjatoka.

Jioni jua likipoa mlete uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Si lazima apande ndani. Akae tu kivulini, anunuliwe kahawa chungu, atazame wazee wakiongea. Ngome hiyo ilikamilika 1821 na bado watu wanaiegemea.

Binti wa Maweni
Bibi, shikamoo na ahsante sana. Nimemsomea mama yote, neno kwa neno. Aliposikia habari ya yule mzee wa dirishani akanyamaza kidogo, halafu akasema twende Lamu. Nimeshapiga simu kuuliza vidato: ni vitatu. Sasa anauliza kama mashua inaruhusu kigoda chake, kile cha miguu mitatu anachokalia akipika.

Bibi wa Langoni
Marahaba mwanangu. Aje nacho. Mwambie nahodha akipokee kwanza, kisha ndiyo ampe mama mkono.