Ini la bata linakufa, mbona seli zinazaliana?

Mfugaji wa Kibaigwa:
Wakuu, salaam. Nilikuwa na vifaranga vya bata 40, wamebaki 9. Walianza kulegea, mbawa zinaning'inia, wiki ya pili wakapukutika. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja mbele yangu: ini limepauka, limekuwa manjano. Kipande kikaenda maabara, majibu ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye vyakula kama karanga, na chini imeandikwa "vijia vya nyongo vimeongezeka sana". Hapo ndipo nimekwama. Ini linakufa, sasa hizo seli zinaongezeka kwa faida ya nani? Nawalisha pumba na mashudu ya karanga.

Fundi Hadubini:
Pole sana mkuu. Mwaka wa 11 huu nakata vipande vya maini, picha hiyo naijua. Ini lenye afya, likitiwa rangi za maabara, linaonyesha seli kubwa za waridi zimepangana safu safu. Kwa bata wako, kando ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo, utaona vijiseli vidogo vilivyokolea bluu, karibu vyote ni kiini kitupu, vinapenya mstari mstari katikati ya zile kubwa.

Hizo ni seli chipukizi. Hukaa pale vijia vya nyongo vinapoanzia, na siku nyingi zimetulia, kwa sababu ini likiumia seli kubwa zenyewe hugawanyika. Mpe panya kaboni tetrakloridi, kemikali inayoumiza ini: seli za kuzunguka mshipa wa kati zinakufa, lakini zilizosalia huziba pengo kwa siku chache. Chipukizi haziitwi sana.

Sumukuvu ni habari nyingine. Seli kubwa zinaimeng'enya, na kinachotoka hapo kinang'ang'ania DNA. Hata ambayo haijafa inashindwa kugawanyika. Ndipo chipukizi zinapoinuka. Watafiti hulifanya hilo makusudi kwa panya: wanawapa kemikali iitwayo asetilaminofluorini, inazuia seli kubwa kugawanyika, kisha wanakata theluthi mbili ya ini. Vijiseli vinamiminika! Mtafiti Emmanuel Farber alivieleza mwaka 1956, akaviita seli za umbo la yai.

Mama Vifaranga:
Dokta, kwa hiyo zinageuka ini kweli, au zinajaza nafasi tu?

Fundi Hadubini:
Dada, mimi ni fundi wa maabara. Kwa panya wa aina kubwa (rat) waliopewa dawa ile, ndiyo, zinakuwa seli za ini. Kwa panya wa aina ndogo (mouse), seli zilipowekewa alama ili uzao wake ufuatiliwe, ilionekana ini hujengwa zaidi na seli kubwa zenyewe. Chipukizi hushika kazi pale zile kubwa zinapofungwa kabisa. Bata wa ndugu yetu walikuwa wanakula sumu kila asubuhi. Hakuna chipukizi litakalowahi hapo.

Mfugaji wa Kibaigwa:
Nimeelewa. Mashudu nimeyafukia leo. Ila ng'ombe wangu wa maziwa naye alikuwa anakula hayohayo, na anaonekana mzima.

Fundi Hadubini:
Mwachishe leo hii hii mkuu. Ng'ombe anavumilia kuliko bata, lakini sumu inapita kwenye maziwa. Ya siku hizi chache usiwape watoto.