OSPF ilikatika saa sita usiku, ikarudi yenyewe saa tisa

Fundi_Changamwe
Salaam aleikum wakuu. Nina swichi mbili za Cisco Nexus, moja Nyali na nyingine Changamwe. OSPF, itifaki ya kupeana njia za mtandao, inalindwa kwa mnyororo wa funguo (key chain), kila ufunguo na muda wake. Ufunguo 1 uliisha Juni 30, ufunguo 2 ukaanza Julai 1. Saa sita usiku majirani (vifaa vinavyopeana njia moja kwa moja) wakapoteana, saa tisa wakarudi bila mtu kugusa kitu. Maneno ya siri yanalingana, `show clock` pia. Nyali nimeandika:

`send-lifetime local 00:00:00 Jul 01 2025 infinite`

Changamwe ni vilevile, ila haina `local`. Muda wa kupokea kila ufunguo (accept) nimeupa sawa na wa kuutuma (send). Kosa liko wapi?

Kisauni_BGP
Aleikum salaam. Kosa ni hilo neno `local`. NX-OS, mfumo wa Nexus, usipoiandikia neno hilo, huusoma muda kuwa ni UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko saa 3 mbele. Nyali ilihamia ufunguo 2 saa sita yetu, Changamwe ikabaki na ufunguo 1 mpaka saa tisa. Kila pakiti ya OSPF hubeba namba ya ufunguo: Changamwe ikaletewa namba 2 kabla haijaruhusiwa kuipokea, Nyali ikaletewa namba 1 iliyokwisha kufungiwa. Sekunde 40 zikipita bila hello halali (ujumbe mfupi wa kusema "nipo"), jirani hufutwa.

Lakini kilichokuangusha hasa ni accept kuwa sawa na send. Kupokea kuwe kupana kuliko kutuma, siku nzima kila upande:

```
key 1
  accept-lifetime local 00:00:00 Jan 01 2025 23:59:59 Jul 01 2025
  send-lifetime local 00:00:00 Jan 01 2025 23:59:59 Jun 30 2025
key 2
  accept-lifetime local 00:00:00 Jun 30 2025 infinite
  send-lifetime local 00:00:00 Jul 01 2025 infinite
```

Ungekuwa hivi, hata saa 3 za tofauti zisingekata kitu.

Bi_Swichi
Naafiki, ila mimi ningeiondoa `local` kote na kuandika UTC tupu. Usiku wa manane wetu ni 21:00:00 ya siku iliyotangulia. Ukija kuongeza kifaa kilichowekewa saa za eneo vibaya, funguo hazitayumba.

Ufunguo 3 uweke kwenye vifaa vyote wiki moja kabla, kisha `show key chain` kila upande, uhakikishe namba na tarehe. Ukibandika neno la siri kwenye ruta za IOS (mfumo mwingine wa Cisco), angalia nafasi tupu mwishoni: huhesabiwa kama herufi, na kwa macho huioni. Na ufunguo wa zamani usiufute mpaka `show ip ospf neighbors` ionyeshe FULL (ujirani umekamilika) kwa wote baada ya zamu ya ufunguo kubadilika.

Fundi_Changamwe
Shukran sana. Na stima ikipotea? Kuna ruta ndogo Likoni isiyo na betri ya saa.

Kisauni_BGP
Hiyo ishughulikie mapema. Itawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, ione hakuna ufunguo ulio hai, ikose jirani. Na kama seva ya NTP (inayogawa saa sahihi mtandaoni) iko ng'ambo ya OSPF, haitaifikia kamwe, kwa hiyo saa haitarekebika. Ipe ruta hiyo NTP kutoka kwa jirani wa waya uleule, ambaye hahitaji njia ya OSPF kufikiwa:

`ntp server 10.0.12.2`

Jirani huyo naye awe amepata saa sahihi kwingine. Baada ya kuiwasha upya, subiri `show ntp status` iseme synchronized ndipo uangalie majirani. NTP huchukua dakika kadhaa.