Phthisis, dropsy, quinsy: maneno ya zamani ya tiba yafasiriwe vipi?

Mfasiri_Mza:
Wakuu, salaam. Nina vyeti vya vifo vya Uingereza vya kati ya 1840 na 1885. Safu ya sababu ya kifo imejaa phthisis, dropsy, apoplexy, quinsy. Najua asili yake ni Kigiriki. Je, nifasiri mzizi wa neno, au niweke jina la ugonjwa wa leo?

Kalamu ya Mwanzi:
Mzizi uache, mkuu. Unaonyesha waliolibuni neno walidhani nini, hauonyeshi mgonjwa aliumwa nini. Apoplexy, kwa mfano, imetoka kwenye kitenzi cha "kupiga". Ukiandika "pigo", msomaji atadhani mtu kapigwa rungu. "Kiharusi" kinafaa, ila zamani neno hilo lilimbeba yeyote aliyeanguka ghafla akapoteza fahamu, hata kama tatizo lilikuwa moyo.

Kwa phthisis, tazama mwaka kwanza. Maana yake ni kukonda na kwisha. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Vyeti vya kabla ya hapo daktari aliandika kwa kuona kukonda, homa na kukohoa damu, kwa hiyo kansa ya mapafu nayo inaweza kuwa imejificha humo. Mimi ningeandika "ugonjwa wa kukonda (phthisis), yaelekea kifua kikuu". Na ukikuta "tissick", ni neno lilelile limeandikwa linavyotamkwa.

Tena, hadi sheria ya 1874 cheti cha daktari hakikuwa lazima. Sababu nyingine za kifo ni maneno ya ndugu wa marehemu tu.

tabibu_mstaafu:
Dropsy ndiyo inayowapoteza wengi. Imetoka kwenye hydrops, yaani maji, Kiingereza kikamega silabi ya mwanzo. Si ugonjwa, ni dalili: mwili kuvimba maji. Moyo, figo au ini, chochote kati ya hivyo chaweza kuileta. Daktari Mwingereza William Withering mwaka 1785 aliandika jinsi majani ya mmea uitwao foxglove yanavyoipunguza. Leo tunajua dawa ile hufanya kazi kwenye moyo, ndiyo maana si kila aliyevimba alipona. Mwaka 1827 daktari mwingine Mwingereza, Richard Bright, akaitenga ile ya figo. Kipimo chake: mkojo kwenye kijiko, juu ya mshumaa. Ukiganda mweupe kama ute wa yai, una albumini (protini ya damu), figo zinavuja. Kwa hiyo cheti cha baadaye kikisema "Bright's disease", hapo andika figo bila wasiwasi. Kikisema dropsy peke yake, andika "kuvimba maji" uishie hapo.

Kukiwa na neno la ziada ni nafuu. Ascites ni maji ya tumboni (askos ni kiriba, na tumbo lile kweli hufanana na kiriba kilichojazwa). Anasarca ni uvimbe wa mwili mzima.

Tafadhali usiweke "safura". Hiyo kwetu ni upungufu wa damu, hasa wa minyoo.

Mfasiri_Mza:
Shukrani sana. Quinsy je?

Kalamu ya Mwanzi:
Limetoka kwenye Kigiriki kynanche, "kunyonga mbwa". Limepita Kilatini na Kifaransa mpaka halitambuliki. Ni usaha uliokusanyika kando ya findo la koo, kwa kawaida upande mmoja. Mdomo haufunguki vizuri na sauti inakuwa nzito. "Mafindofindo" pekee hayatoshi, andika "jipu la koo kando ya findo".

tabibu_mstaafu:
Na ukikutana na phlegm, usihangaike: "belghamu" yetu ni neno lilelile. Phlegma ya Wagiriki iliingia Kiarabu ikawa balgham, ikatufikia kwa njia ya bahari. Angalizo moja tu: katika vitabu vya zamani belghamu ni mojawapo ya majimaji manne ya mwili, pamoja na damu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Sentensi ikisema mtu ana "phlegm nyingi", huenda wanaeleza tabia yake ya upole na uzito, wala hakohoi.