Kwa nini idadi ya nyukleotidi (herufi za RNA) katika jenomu ya virusi vya surua lazima igawanyike kwa 6?

Swali: Jenomu ndogo ya surua (toleo fupi la RNA ya virusi, la majaribio ya maabara), plasmidi (DNA za duara) za protini za virusi N, P na L zimo, T7 (kimeng'enya kinachotengeneza RNA kutoka DNA) ipo, lakini jenomu hiyo haijinakili. Kwenye jeni ya protini ya kijani inayong'aa, iliyowekwa ndani yake, zimeondolewa nyukleotidi 4 tu. Tatizo ni nini?

Jibu 1: Hizo 4 ndizo tatizo. Kila protini N hushika nyukleotidi 6 kamili: besi 3 hutazama ndani, 3 nje. Jenomu halisi ina 15,894, yaani N 2,649 bila baki. Ufungaji huanzia ncha ya 5', hivyo baki huangukia ncha ya 3', palepale polimerasi (kimeng'enya kinachonakili RNA) inapoanzia kazi. Ongeza 4 au ondoa 2 zaidi.

Jibu 2: Sawa, ila hesabu RNA yote baada ya ribozaimu (kipande cha RNA kinachojikata chenyewe) kukata, usihesabu jeni peke yake. Ribozaimu isipokata, mkia wa ziada huua mfumo.

Muuliza: Polimerasi huvua N zote isome?

Jibu 1: La, hufungua kipande kidogo inapopita, kisha N hujirudishia. Na usipunguze protini P: bila P, N hudandia RNA yoyote ya seli.