Gumzo la ukoo: Alama za Nadia ziende wapi?

Mama Nadia: Asalaam aleikum wanaukoo. Iddi uko hewani? Nina jambo la Nadia, nataka tulimalize leo maana kaunsela wa shule yake Ijumaa mchana hapatikani.

Mama Mdogo Zuhura: Waaleikum salaam dada. Jambo gani tena asubuhi yote hii?

Mama Nadia: Ule ufadhili wa jeshi la hapa Marekani, wa kusoma chuo huku unafundishwa uofisa. ROTC. Fomu kaijaza karibu yote, imebaki sehemu ya alama za mtihani. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, alifanya mwezi wa nane, akapata 1130. Sasa vyuo vinne anavyoomba vyote vinasema alama si lazima, ukitaka tuma, hutaki acha. Ndo nauliza, tuhangaike nazo za nini?

Mjomba Hamisi: Kama si lazima aache. Mtoto apumzike.

Mama Mdogo Zuhura: Na mimi naona hivyo. 1130 si mbaya, ila na kuipigia vigelegele pia hapana 😄

Nadia: Mama mdogo nakuona 👀

Babu Tanga: Marahaba mlionisalimia na msionisalimia.

Nadia: Shikamoo babu 🙏🏾🙏🏾

Mama Mdogo Zuhura: Shikamoo baba, tusamehe 😂

Iddi: Shikamoo babu, shikamooni wakubwa wote. Nilikuwa kwenye mazoezi ya ROTC hapa chuoni, tumeamshwa saa kumi na moja alfajiri. Shangazi usiifunge hiyo fomu, nisubiri nioge.

Mama Nadia: Nakusubiri mwanangu. Oga taratibu.

Iddi: Nimerudi. Sikilizeni. Chuo na jeshi ni maombi mawili, na wanaoyasoma ni watu tofauti. Chuo kikisema alama ni hiari kinasemea udahili wake tu. Ufadhili ni hela za jeshi, na jeshi hiyo hiari halijaitoa. Bila SAT au mtihani mwenzake ACT, faili la Nadia litakaa limeandikwa halijakamilika hadi msimu uishe. Jeshi la nchi kavu kima chao cha chini ni 1000 kwa SAT au 19 kwa ACT, na wastani wa alama za shule 2.5 kwenye kipimo cha 4. Nadia kashavuka.

Mjomba Hamisi: Kuvuka kima cha chini siyo kupata.

Iddi: Kweli baba, na simdanganyi. Wengi wanaopata wako juu ya 1130. Lakini hawaangalii namba moja. Kuna matokeo ya shule, kuna uongozi na michezo, kuna usaili ana kwa ana na afisa, kuna mtihani wa viungo: pushapu, kukunja tumbo, na mbio za maili moja. Nadia ni nahodha wa timu ya mpira wa wavu na wastani wake ni 3.7. Msimhukumu kwa mtihani wa saa mbili na robo.

Mama Mdogo Zuhura: Basi asubiri arudie mtihani, apate nzuri, ndo atume. Kwa nini aanze na hii?

Iddi: Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, shangazi. Bodi ya jeshi haikai mara moja. Msimu mmoja inakaa zaidi ya mara moja, na asiyechaguliwa kikao cha kwanza faili lake linasogezwa kikao kinachofuata, haombi upya. Kwa hiyo akituma hii ya 1130 sasa anaingia mapema. Akirudia mwezi wa kumi na mbili akapanda, anapeleka mpya, faili linaboreshwa kabla ya kikao kingine. Anayesubiri alama nzuri anaweza kujikuta ana alama nzuri na vikao vimebaki kimoja.

Nadia: Kaka Iddi, zile nilizotuma vyuoni si zinafika na jeshini? Nilichagua vyuo vinne siku ya kujiandikisha.

Iddi: Hazifiki. Ripoti inakwenda ulikoiandikia, basi. Hata kama kikosi cha ROTC kipo ndani ya chuo hicho hicho, jengo moja na ofisi ya udahili, usidhani watapelekeana.

Mama Mdogo Zuhura: Si apige picha ya skrini tu awatumie? Namba inaonekana vizuri kabisa.

Iddi: 😅 Shangazi, picha ya skrini hata Babu anaweza kuitengeneza akajipa 1600.

Babu Tanga: 1600 ni kiasi gani kwani?

Iddi: Ndiyo mwisho wa SAT, babu. Hesabu 800, kusoma na kuandika 800.

Babu Tanga: Basi nijazie 1590 watu wasishtuke.

Nadia: 😂😂😂😂

Iddi: Sasa tuwe makini. Kila tawi lina utaratibu wake wa kupokea alama: nchi kavu mbali, maji mbali, anga mbali. Wa maji ndio hao hao wanaobeba na Marine. Maelekezo yamo ndani ya akaunti aliyofungulia maombi. Namba ya mpokeaji aichukue humo, asiichukue kwenye video ya mtu YouTube. Iliyo salama kuliko zote ni ripoti rasmi itokayo kwa wenye mtihani: SAT ni College Board, ACT ni ACT wenyewe. Na kama anafikiria jeshi la anga pia, ajue kima chao cha chini kiko juu zaidi ya nchi kavu.

Mama Nadia: Na hela? Maana nimeona wanataka malipo kwa kila ripoti.

Iddi: Nne za bure unazichagua kuanzia unapojiandikisha hadi siku tisa baada ya mtihani. Hizo Nadia kazimaliza kwa vyuo. Za ziada ni dola kumi na kitu kila moja. Lakini shangazi, Nadia si anakula chakula cha mchana cha bure shuleni?

Mama Nadia: Ndiyo.

Iddi: Basi ana haki ya msamaha wa ada. Akipata huo, anafanya SAT bure hadi mara mbili akiwa darasa la 11 na la 12, na ripoti anatuma bila kikomo, bure. Anayetoa ni kaunsela wake. Huyo huyo wa Ijumaa.

Mama Nadia: Ya Rabi, na mimi nimelipa 68 zangu za mwezi wa nane taslimu!

Mjomba Hamisi: Sadaka hiyo 😄

Mama Mdogo Zuhura: Ngoja niulize. Jana pale dukani kuna kijana wa jeshi aliniambia mpwa wangu aende akafanye ASVAB, atapata kila kitu, hata chuo. Akachukua na namba yangu. Hiyo si ndo hii hii?

Iddi: Siyo. ASVAB ni ya kuandikishwa askari wa kawaida. Ukipita unakwenda kuruti, unaanza cheo cha chini. Si njia mbaya, wapo waliosomeshwa na jeshi kwa njia hiyo wakatoka vizuri. Ila kwa ufadhili huu hawaulizi ASVAB kabisa. Huku Nadia anakwenda chuo kama mwanafunzi yeyote, gwaride na mafunzo pembeni, akihitimu anavishwa cheo cha uofisa moja kwa moja, luteni usu. Yule kijana kazi yake ni kujaza idadi yake. Mjibu kwa adabu, usisaini kitu.

Mama Mdogo Zuhura: Nimsainie nini, mwenyewe ana miaka ya mwanangu.

Babu Tanga: Sasa nataka kusikia upande wa pili. Mnaongea ada, alama, ripoti. Huyo mtoto atalipa nini? Jeshi haligawi kitu bure. Kwetu ukitaka uofisa unakwenda chuo cha jeshi Monduli, unajua unaingia wapi.

Iddi: Swali la haki, babu. Anadaiwa utumishi wa miaka minane kwa jumla. Kwa kawaida minne ya jeshi la kudumu, iliyobaki jeshi la akiba. Au yote minane akiwa jeshi la akiba au National Guard, lile la majimbo, huku ana kazi yake ya uraiani. Akiacha katikati baada ya kufungwa na mkataba, anaweza kudaiwa hela zote au kuamriwa atumikie kama askari wa kawaida. Ila mwenye ufadhili wa miaka minne anaruhusiwa kuonja mwaka wa kwanza. Akiona hapawezi, anatoka kabla mwaka wa pili haujaanza, hadaiwi.

Mama Nadia: Hapo kwenye kuonja ndipo nilipokubali mimi. La sivyo nisingesaini.

Mjomba Hamisi: Na vita je?

Mama Nadia: Kaka, usiku silali kwa hilo, usinikumbushe mchana.

Nadia: Mama nimeomba upande wa uuguzi. Kuna nafasi za ufadhili za wauguzi.

Mjomba Hamisi: Muuguzi wa jeshi naye anakwenda majeruhi walipo, Nadia. Nasema ili ujue, siyo nikukataze.

Nadia: Najua mjomba.

Babu Tanga: Na huko chuoni anakula nini?

Iddi: Ufadhili unalipa karo, au malazi na chakula, unachagua kimoja. Vitabu dola 1,200 kwa mwaka. Na posho dola 420 kila mwezi wa masomo.

Babu Tanga: Mnalipwa kujifunza gwaride?

Iddi: Ndiyo babu 😄

Babu Tanga: Sisi tulikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, mshahara ukakatwa asilimia 60. Ukibakiwa na 40 unashukuru. Na jembe juu. Haya, mwacheni aende. Colin Powell si ndo alipitia huko?

Mjomba Hamisi: Baba unamjua Powell!

Babu Tanga: Redio nasikiliza tangu hujazaliwa.

Iddi: Ndiye huyo. Wazazi wake wahamiaji kutoka Jamaika, alisoma City College ya New York, akatokea ROTC mwaka 1958. Akaja kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote.

Iddi: Sasa shangazi, kubwa kuliko alama zote: uraia. Ufadhili ni kwa raia wa Marekani peke yao. Grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, haitoshi. Nadia yukoje?

Mama Nadia: Mimi nilikula kiapo mwaka juzi. Yeye ana grini kadi. Niliambiwa na jirani lazima naye aombe uraia akifika 18.

Iddi: Jirani kakosea. Mwaka juzi alikuwa na miaka 15, ana grini kadi, anaishi na wewe, chini ya malezi yako kisheria. Siku ulipokula kiapo na yeye akawa raia, kwa sheria iliyoanza kutumika 2001. Haombi uraia. Anachohitaji ni ushahidi.

Mama Nadia: Subhanallah. Miaka miwili tunaishi na raia hatujui.

Nadia: Mniheshimu sasa 💅🏾

Iddi: Ushahidi ni wa aina mbili. Hati ya uraia kwa fomu N-600, ambayo ada yake imepita dola 1,000. Au pasipoti, ambayo ni nafuu kwa mbali. Nendeni na pasipoti. Posta nyingi wanapokea maombi. Mchukue hati yako ya kiapo, grini kadi yake, cheti chake cha kuzaliwa, na kitu cha kuonyesha mnaishi pamoja. Hati halisi zinakwenda nao, baadaye wanarudisha kwa barua.

Mama Nadia: Cheti cha kuzaliwa halisi kipo Tanga. Baba?

Babu Tanga: Kipo kwenye sanduku la marehemu bibi yenu. Naangalia.

Iddi: Na jina, Nadia. Akaunti yako ya SAT ina majina mangapi?

Nadia: Mawili. Shule walilitoa la babu tangu nilipoandikishwa.

Iddi: Pasipoti itatoka na matatu. Kwenye maombi andika kama yatakavyokuwa kwenye pasipoti, halafu mwambie kaunsela, na wapigie wenye mtihani warekebishe, ili alama zikifika zikutane na faili lako. Mimi zangu zilielea wiki kadhaa kwa sababu ya jina tu. Tarehe ya kuzaliwa nayo ihakiki.

Mama Nadia: Iddi, la mwisho. Alikuwa na pumu mdogo, ile ya kuvuta dawa.

Iddi: Wanaangalia kama ilikuwepo baada ya kutimiza miaka 13. Uchunguzi wa afya unakuja baadaye. Asifiche kitu, aseme kilichopo. Hata ikionekana, kuna ombi la msamaha.

Mama Nadia: Iliisha akiwa na saba.

Nadia: Nimeongea na kaunsela, ananipa msamaha wa ada leo mchana. Ripoti naituma jioni. Mwezi wa kumi na mbili nimeshajiandikisha tena.

Mjomba Hamisi: Mpwa wangu ✊🏾

Babu Tanga: Nimekipata. Mende wamekula pembe moja ila muhuri unaonekana.

Iddi: Pembe isiwe ile yenye namba, babu.

Babu Tanga: Ndiyo hiyo hiyo.

Mama Nadia: Basi niombee kingine RITA, wale wa vizazi na vifo, baba. Siku hizi wanaomba mtandaoni, mjukuu wako wa hapo mlango wa pili atakusaidia. Na kikitoka kije kwa DHL, posta ya kawaida hapana.

Mjomba Hamisi: DHL inalipiwa na nani?

Mama Mdogo Zuhura: Jamani zamu yangu ya kazi imefika 🏃🏾‍♀️🏃🏾‍♀️