Kwotabeki mkongwe: Burris wa Ottawa, Ray wa Toronto au Mitchell wa Hamilton, yupi alilipa?

MdauWaBarton
Wakuu, huu ubishi wa vijiweni kuhusu futiboli ya Kanada (ligi ya CFL) na kwotabeki, yule mrusha pasi mkuu wa timu, tuulete hapa. Novemba 2022 Hamilton tulimchukua Bo Levi Mitchell, miaka 32. Calgary walishamweka benchi na kumpa namba Jake Maier. Hatujashika Kombe la Grey, la ubingwa wa ligi, tangu 1999, nusu ya mashabiki wakasema tumeokota aliyeisha. Linganisheni na wakongwe wenu: usajili kama huu unalipa, au bora kulea kijana?

MzeeWaLansdowne
Henry Burris, hakuna mjadala. Ottawa tulimsajili 2014 akiwa na 38, timu ndiyo kwanza inaanza. Msimu ule tulishinda mechi 2, tukafungwa 16, na watu wakamwita babu. Mwaka uliofuata babu akawa mchezaji bora wa ligi akiwa na 40. Fainali ya 2016 Calgary walikuja wakiwa wamepoteza mechi 2 tu msimu mzima, na kwotabeki wao ni huyohuyo Mitchell wenu. Babu akaumia goti akipasha misuli moto, akaingia hivyohivyo, akarusha pasi za jumla ya yadi 461. Tukashinda 39-33, muda wa ziada. Na kabla ya kuja kwetu nani alimwacha aondoke? Hamilton!

MdauWaBarton
Usinitoneshe, mzee wangu. Tulimwacha ili tumpate Zach Collaros, kijana. Collaros akaumia goti vibaya 2015, na baadaye akatufunga fainali mbili akiwa Winnipeg, 2019 na 2021. Ya 2021 ilikuwa nyumbani kwetu. Kwa hiyo anayesema "leeni vijana" aniambie kijana gani, na goti lake lina dhamana ya nani.

MpigaKasia
Ricky Ray ndiye wa kumlinganisha na Mitchell, maana naye alikuja Toronto akiwa na 32, kutoka Edmonton. Msimu wa kwanza tu, 2012, kombe. Akachukua tena 2017 akiwa na 38, kwenye theluji ya Ottawa, 27-24. Ila tuseme ukweli wote: mwanzoni mwa 2018 aliumia shingo na huo ndio ukawa mwisho wake. Mkongwe haagi, anakatika ghafla, na klabu isiyo na mbadala inabaki mikono kichwani.

Mgeni_Edmonton
Samahani wakubwa, mimi nimezoea soka letu. Mbona huku wazee wanadumu hivi?

MpigaKasia
Karibu ndugu. Hapa una majaribio 3 tu ya kusogeza mpira yadi 10, Marekani wana 4. Jaribio la kwanza likigoma, la pili lazima urushe, na kila mtu uwanjani anajua unarusha. Hapo anatakiwa mtu aliyeuona mtego huo mara elfu. Lakini uwanja una upana wa yadi 65, bega likichoka pasi ya kwenda pembeni inanaswa njiani.

DadaWaCalgary
Mmesahau jambo moja: fainali za 2012, 2016 na 2017, wazee wenu wote walikuja kushinda juu ya Calgary. Nina haki ya kuongea! Angalieni klabu ilitoa nini. Toronto walimpa Edmonton kwotabeki Steven Jyles, mpiga mateke Grant Shaw na nafasi ya raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi. Kwa Mitchell hatukupata chochote cha kujivunia. Tena ligi ina ukomo wa mishahara: ukimlipa mkongwe vizuri, unabana kwingine. 2024 aliongoza ligi kwa yadi 5,451 za pasi, Hamilton wakashinda 7, wakafungwa 11, nje ya mtoano. Mkono ulikuwepo, ulinzi ulivuja.

MdauWaBarton
Sawa dada, ila na 2023 muiweke mezani, alivunjika mguu tukampoteza sehemu kubwa ya msimu. Wale wa "ameisha" walitamba. Halafu 2025 yadi 5,296, pasi 36 za kufunga, tukaongoza kundi la Mashariki kwa kushinda 11 na kufungwa 7, kisha Montreal wakatutoa 19-16 kwa teke la sekunde ya mwisho. Mimi ningemsajili tena, kwa bei ileile.

MzeeWaLansdowne
Na kombe?

MdauWaBarton
Bado, mzee. Lakini hao vijana nao hawajatuletea.

DadaWaCalgary
Mngemwacha basi arudi kwetu tuone.